Niliruka Kuosha Vichujio, Nzomo Akasimamishwa Kazi

Mpendwa Shangazi, nisaidie, maana nimepata nafuu lakini bado silali vizuri. Mimi ni opereta wa mtambo wa kusafisha maji kwenye kiwanda cha juisi ya maembe karibu na Wote, na kila saa lazima tusukume maji safi kinyumenyume ndani ya vichujio ili uchafu ulionata utoke, halafu maji hayo yanamwagwa, sasa kiangazi kilipozidi na akina mama wakawa wanapanga mitungi getini, nikashindwa kuyamwaga wakiniangalia, nikaanza kuruka kuosha nikawapa wao maji, na kitabuni naandika nimeosha. Baada ya wiki tatu presha ikapanda, maji yakakataa kupita, kiwanda kikasimama, na mwenzangu Nzomo akasimamishwa kazi kwa sababu ndiye aliyekuwa zamu siku hiyo. Nilivumilia siku mbili, nikaenda kwa meneja, Bi. Gakenia, nikamwambia, "Ni mimi." Akasema, "Kwanza tuokoe vichujio." Tukaviloweka kwa dawa kutwa nzima, tukasukuma maji kinyume, yakatoka meusi, yakawa ya kahawia, mwishowe yakatoka safi kabisa, nikalia hapo hapo. Nimepewa barua ya onyo na Nzomo amerudi, lakini hajui ni mimi, na Jumapili alisimama kanisani akasema, "Namshukuru dada Mutanu, aliniombea sana." Watu wakapiga makofi. Nimwambie ama ninyamaze?

Mutanu, Makueni

Mutanu, pumua. Vichujio vimepona, Nzomo yuko kazini, na uliingia kwa meneja bila kuitwa. Wengi wangejificha.

Lakini usijipambe. Huruma yako kwa wale mama ilikuwa ya kweli, na uongo wa kitabuni pia ulikuwa wa kweli. Ungemwambia meneja siku ya kwanza. Mwombe sasa maji yaliyokwisha kuosha vichujio yawekwe kwenye tangi, yatulie, yatumike kuosha sakafu, na maji safi yatakayookolewa hivyo wapewe akina mama kwa ruhusa.

Kuhusu Nzomo, yale makofi hayakuwa yako. Usimtumie meseji. Nenda kwake, mkewe akiwepo, useme, "Niliruka kuosha, nikaandika uongo, ukaumia wewe." Halafu nyamaza. Usianze hadithi ya mitungi. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki.

Zamu yako ikiisha leo, usipitie nyumbani kwanza.