Katuni ya Mkongojo

Jumanne

Bado nacheka, ingawa anayechekwa ni mimi.

Mhariri ameipenda katuni yangu: rais anatembelea mkongojo, na nyuma yake mawaziri wanapima kiti chake kwa tepu. Nikamwonyesha Mama, nikasahau kwamba yeye pia anatembelea mkongojo tangu aanguke sokoni Kibuye.

Aliitazama, kisha akauliza, “Kwani huyu anatawala na miguu?”

Nikaona aibu. Nikamwambia nitaufuta mkongojo.

“Uwache. Mkongojo hauna makosa. Lakini hapo kwa tepu kuna mtu umesahau.”

“Nani, Mama?”

“Kitindamimba wangu, aliyeniuliza juzi hati ya shamba iko wapi.”

Basi nimejichora, mbele kabisa, tepu mkononi. Kesho mhariri ataniuliza huyu ni waziri wa nini.