Bernadeta Mhoja, Muuguzi Tuliyeomba Abaki

Mwaka mzima umetimia leo, mpendwa wetu Bernadeta, tangu Alhamisi ile ya tarehe 14 Agosti 1997 ulipotutoka katika hospitali ya mjini Mwanza, ukiwa na miaka thelathini na tisa. Ulianguka siku ya Jumatatu mbele ya akina mama waliopanga foleni ya chanjo. Daktari alisema ni shinikizo la damu, tena la siku nyingi. Watu wa vijiji vinne uliwapima wewe. Wewe hukupimwa na mtu.

Tunakukumbuka kwa utani wako kwenye mizani ya watoto. "Mama Masanja, mtoto ameongezeka gramu mia, wewe umeongezeka kilo tatu. Hebu niambie, ni nani anayenyonya hapa?" Foleni nzima ilicheka, na Mama Masanja akacheka kuliko wote. Mtoto aliyelia kwa sindano ulimwita mheshimiwa na kumwomba radhi.

Mlikuwa watatu katika zahanati yetu ya huku Misungwi, ukingoni mwa ziwa. Mwaka 1995 msaidizi wa tiba, Elias, alipunguzwa kazi. Mkunga mwenzako naye akaenda zahanati ya binafsi pale Mabatini, na hatukumlaumu, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kusomesha. Ukabaki peke yako. Ulizalisha, ulichanja, ulifagia, ukaandika na taarifa ya mwezi. Ukaanza kumwita mwanao Chenge kwa majina ya wagonjwa.

Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba unahamishiwa Ilemela. Mama yako na wenzake wa darasa la elimu ya watu wazima walidhani serikali inawanyang'anya muuguzi wao. Mama Shimba, mwenyekiti wa darasa, akamwambia, "Andika wewe. Mwenye mtoto ndiye atakayesikilizwa." Basi mama yako akaandika. Ilikuwa barua yake ya kwanza tangu azaliwe. Aliirudia mara tano mpaka mistari ikanyooka, kisha wanawake ishirini na wawili wakatia sahihi, na wasiojua bado wakatia dole gumba.

Wilaya ikakubali. Ukaja nyumbani na jibu mkononi, ukauliza, "Mama, barua hii nani aliiandika?"

"Ni mimi, mwanangu. Sikukosea hata neno."

Ukalikunja lile jibu. "Kweli, mama. Imeandikwa vizuri sana." Kisha ukaenda kuzitoa nguo zako sandukuni.

Mumeo, mwalimu Antoni, ndiye aliyemweleza mama yako baadaye kwamba uhamisho ule uliuomba mwenyewe, mara tatu, kwa sababu mwili ulikuwa umekushinda. Ilemela walikuwapo wauguzi sita. Ungefanya kazi kwa zamu na kupumzika. Uliona haya kuwaaga akina mama wa hapa, hivyo hukusema.

Mama yako alikwenda wilayani kuomba barua yake ifutwe. Karani alimpokea kwa heshima, shikamoo na kiti, kisha akamjibu, "Mama, tumekupa ulichoomba. Ajira mpya zimesimamishwa. Akiondoka huyu, nani atakaa pale?" Aliporudi hukumlaumu, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Hilo ndilo linalomwia zito zaidi.

Sasa yupo Kashindye, binti mpole aliyeletwa mwezi wa Aprili. Naye yuko peke yake, naye ameomba kuhama. Wiki iliyopita Mama Shimba na wenzake walimletea mama yako karatasi na kalamu. Anawajua watoto wanaosubiri chanjo, wajukuu zake wawili wakiwemo. Anamjua na mama mzazi wa Kashindye. Karatasi ipo mezani hadi leo. Hajaiandika, na hajapata moyo wa kuwarudishia.

Misa ya kukuombea itasomwa kigangoni kwetu Jumapili tarehe 16 Agosti, saa moja asubuhi.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, Veronika Kabula; mume wako, mwalimu Antoni Mashimba; watoto wako Chenge na Kwandu; dada yako Suzana wa Ilemela; shemeji zako, majirani, na wanawake wote wa darasa.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi, Bernadeta. Utusamehe.