Chupa Nyuma ya Kabati

Jumatatu, 4 Machi 1974
Zahanati imefurika. Mkono umekufa ganzi kwa kuandika. Daftarini, namba 15, kushona jeraha: watano. Mapanga, majembe, mmoja kang'atwa na punda. Namba 14, kukata kinyama cha ngozi: wawili. Shangazi, aliyenilea, naye katoka chumba cha dresa na nyuzi nne unyayoni. "Karani wangu!" mbele za watu. Raha tupu. Nimemwandika 15.

Ijumaa, 8 Machi
Vinyama vya 14 vimepelekwa Korogwe kupimwa. Chupa mbili, kama daftari. Dresa, Mzee Mhina, anang'ang'ania ni tatu. Nikamfunulia ukurasa. Akairudisha hiyo ya tatu juu ya kabati. Mzee huyu anazeeka vibaya.

Jumatatu, 11 Machi
Shangazi katolewa nyuzi. Nimemwambia mtu wa 15 amekwisha, harudi tena. Aende shamba la kijiji akalime.

Jumatano, 12 Juni
Tumesogeza kabati tupake chokaa. Nyuma yake chupa, imeanguka kutoka juu. Ndani kinyama cheusi, kadiri ya kunde. Karatasi ina jina la Shangazi.

Mungu wangu.

Nimekaa sakafuni. Niliona nyuzi, nikaandika nyuzi. Sikuuliza kilichoshonwa ni nini. Aliyekatwa kisha akashonwa huandikwa 14, mstari mmoja, basi. Mimi ndiye ninayewafokea wenzangu kwa hilo! Mzee Mhina kaipangusa chupa vumbi, kanikabidhi. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Juni
Korogwe. Nimeipeleka mwenyewe, nimeipakata njia nzima. Sijala.

Ijumaa, 28 Juni
Majibu ya Korogwe: kansa. Nimeisoma karatasi mara tatu. Nimemfuata Shangazi shambani. Analima huku anachechemea. Mtoki umemvimba kinenani tangu Mei. Nikamuuliza, mbona hukuja? "Si ulisema sirudi tena?" Hakusema kwa ubaya. Ndilo linaloniua.

Jumapili, 7 Julai
Wodini, Korogwe. Nimemwambia yote: namba, chupa, kabati. Kageukia ukutani. Nimekaa tu, nikitazama kanga yake mgongoni. Baadaye kaomba nimmenyee chungwa. Nimemenya. Kala nusu, nusu kanipa. Kasema niwahi basi, kesho kazi.