Shuka la Ukutani na Friji ya Jua

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza niahidi hutanicheka, maana mimi mwenyewe nikilikumbuka jambo hili nikiwa peke yangu jikoni sijui nicheke au nijizabe kofi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mtindi nyumbani, nina friji moja kubwa ukumbini na ndiyo inayowavalisha watoto viatu, kwa sababu mshahara wa mume wangu, karani wa stoo, unamezwa wote na nyumba yetu hii isiyokwisha kujengwa. Mume wangu si mtu mbaya, hanywi, hapigi, hachelewi kurudi, na nampenda, nakuambia kabisa ili usije ukaniambia nimwache, sitaki kumwacha, nataka tu atulie. Alipelekwa semina ya nishati safi na kazini kwao, akarudi mtu mwingine. Mkaa amepiga marufuku, kibatari kakitupa jalalani, pasi ya mkaa kaifungia kabatini na ufunguo anatembea nao, watoto wanakwenda shule na mikunjo, ukimuuliza anakwambia mikunjo haichafui hewa. Mtaa mzima unamwita Bwana Mionzi, naye anaitika!

Basi akanunua paneli za jua na betri, na siku ya kufunga fundi alipomuuliza ziwekwe upande gani wa paa, yeye akasema mbele, kwenye barabara, mtaa uone ujifunze, huko nyuma atajifunza nani, paka? Zikafungwa mbele, zinang'aa kweli, watu wakaja kutazama, na yeye kwa kunogewa na macho ya watu akawaita mafundi wa umeme wakapanda nguzoni wakakata waya wa nyumba yetu hadharani, watu wakapiga makofi, na mimi mjinga nikapiga pia.

Mshauri, makofi yalipokwisha friji ikafa. Si kufa kabisa, inaguna kidogo mchana halafu inanyamaza, na mtindi wangu ukaanza kuharibika mpaka kinyozi wa pale kona, mteja wangu wa kila siku, akanirudishia kikombe akaniuliza, "Mama, huu mtindi au siki?" Nikamwambia mume wangu friji haipozi, akanijibu, "Wewe huna imani na jua." Nikamwambia si suala la imani, ni suala la maziwa, akasema niwe nafungua mlango wa friji mara chache, sasa mtu anauza mtindi bila kufungua friji anauzaje, autoe kwa maombi? Na siku wageni wake wa kamati ya mazingira walipokuwa wanakuja jioni, aliichomoa kabisa friji ili betri ibaki na nguvu ya kuwasha ile taa kubwa ya getini, nilipopiga kelele akasema friji haionekani barabarani, taa inaonekana.

Maji yakanifika shingoni. Nikaenda kwa jirani yangu wa nyuma, Mama Pacha, tukasemezana wanawake wawili, akanipa waya mrefu mwekundu kutoka sebuleni kwake, nyuma ya kochi asikotazama mumewe, tukaupitisha juu ya ukuta wa uani ukaingia dirishani kwangu mpaka nyuma ya friji, mimi namlipa kwa mtindi. Friji ikafufuka. Ila ule waya mwekundu ulivyokuwa unaonekana pale ukutani nikaogopa mume wangu atauona, nikaufunika kwa shuka, nikajifanya nimelianika. Sasa huko uani kwetu jua la mchana ni kali kupita kiasi, shuka likianikwa baada ya chakula cha mchana muda si muda limekauka kama karatasi, na shuka lililokauka halina sababu ya kukaa ukutani, kwa hiyo nalazimika kutoka na kopo la maji kulimwagia tena, kila siku, Mshauri, kila siku ya Mungu nalowesha shuka lililokauka! Mume wangu keshaniuliza mara mbili, "Mbona shuka hili halikauki?" Nikamwambia kitambaa chake kizito.

Kumbe nilikuwa najichimbia shimo, kwa sababu Bwana Mionzi alipoona friji imepona alivimba kichwa. Akaanza kuleta watu ukumbini, anafungua mlango wa friji, ubaridi unatoka, anawamiminia mtindi wangu, bure, jamani, bure, anawaambia, "Onjeni, hilo mnaloonja ni jua!" Nami nimesimama pembeni natabasamu meno yote nje.

Sasa limefika mahali pabaya. Mtaa wetu una kisima kimoja na pampu yake ya dizeli imechoka, na baada ya kuionja ile friji watu wamekubaliana wachange wanunue pampu ya jua, na mume wangu ndiye amepewa usimamizi, na keshasema paneli zitawekwa kwenye paa la kibanda cha pampu, upande wa barabarani kama zetu, chini ya ghorofa refu lililo mbele ya nyumba yetu, ili wapita njia wajifunze. Wajane wanachanga, fundi viatu anachanga, mpaka kinyozi wangu. Na juzi Mama Pacha amekuja kwangu analia, mume wake naye ameonja mtindi, sasa anataka kuita mafundi wakate umeme kwake kama tulivyokata sisi, na akikata, mwenzangu hana umeme, mimi sina friji, na mtaa utakuja kukosa maji, yote kwa sababu yangu. Akaniuliza, "Nimwambie nini mume wangu? Nimwambie anataka kukata umeme ule ule uliomshawishi aukate?"

Mkutano wa kuchanga ni Jumapili hii. Nikisema ukweli, mume wangu ataumbuka mbele ya mtaa mzima na sijui kama atanitazama tena usoni. Nikinyamaza, watu watapoteza fedha zao na maji hawatapata, maana mimi nimeshaona kwa macho yangu, hii nishati ya jua ni maneno matupu, jua kazi yake kukausha nguo basi. Nifanye nini? Nisaidie, nimechoka kulowesha shuka.

Mimi, Mama Mtindi


JIBU LA SHANGAZI

Mama Mtindi, sikuahidi kitu na nimecheka. Nimecheka mpaka nikavua miwani. Halafu nimefika kwenye lile kopo la maji, kicheko kikanikauka.

Hebu tuanze hapo kabla sijakuonea huruma, maana huruma ipo na utaipata. Unachukua waya wa umeme, unaufunika kwa shuka, halafu unalimwagia shuka hilo maji kila siku, kwenye uwanja wanakocheza watoto wako na pacha wa jirani! Una akili timamu wewe? Unaogopa mumeo aumbuke, huogopi mwanao ashike ukuta ule? Waya wenyewe unapigwa na jua kila mchana mpaka ganda lake lipasuke, na wewe unaungoja na kopo. Weka gazeti chini sasa hivi. Nenda kwa Mama Pacha achomoe kwake kwanza, ndipo wewe uchomoe kwako, kisha uvute waya wote uukunje. Nakungoja.

Haya. Sasa pole, mwanangu. Pole kweli. Najua ilivyo kuishi na mtu aliyegundua jambo jema akalifanya la maonyesho. Mumeo hana kosa kulipenda jua. Kosa lake ni kupenda kuonekana analipenda, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, haipozi maziwa. Mtu anachomoa friji inayolisha nyumba ili awashe taa ya kuwaangazia wapita njia! Mwambie Shangazi kauliza: hao wapita njia ndio wanaonunua viatu vya watoto wake?

Lakini na wewe usinichoshe. Unaniandikia kwamba jua ni maneno matupu, na katika barua hiyo hiyo unaniambia jua la uani kwenu linakausha shuka hujamaliza hata kuosha vyombo. Umelimwagia maji siku zote hizo, likakauka siku zote hizo, na hukujiuliza kitu? Nyie nyumba nzima nguo mnaanika nyuma. Kwa nini hamwaniki mbele? Nitakujibu mimi ambaye sijawahi kufika kwenu: kwa sababu mbele kuna ghorofa, umeliandika mwenyewe. Asubuhi ghorofa linalifunika paa la mbele, na likija kuachia, jua limeshavuka, limeegemea uani. Hizo paneli za mumeo zinang'aa machoni pa watu, lakini sehemu kubwa ya siku ziko kivulini. Huhitaji semina kulijua hilo. Kila aliyewahi kufua katika nyumba hiyo alilijua.

Kwa hiyo jua halijawadanganya. Ninyi wawili ndio mmelisingizia: yeye kalisifia kwa kazi ambayo halikuifanya, wewe umelitukana kwa kosa lisilo lake.

Sasa sikiliza, na usiruke hata moja.

Leo huyo mume akirudi kazini, mpe chakula, ashibe, kisha umwambie ukweli wote wa waya, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mlango umefungwa. Si mbele ya kamati, si mbele ya kinyozi. Ataghadhibika. Mwache aghadhibike, ana haki yake, umemfanya awasifie watu friji inayokula umeme usio wake. Akinyamaza, usijaze kimya chake kwa maneno. Na usianze na "wewe ndiye uliyeweka paneli mbele", hata kama ulimi unakuwasha. Mwanamume aliyepigiwa makofi na mtaa haambiwi hilo, anaonyeshwa.

Kesho asiende stoo, aombe ruhusa. Chukueni mashuka mawili yaliyo sawa, yaloweshwe pamoja, moja lianikwe barabarani chini ya paneli zake, jingine uani. Muda wa kungoja huo mkae pamoja, na kabati lifunguliwe watoto wapigiwe pasi, tafadhali. Mkaa wa pasi mumeo atanisamehe siku moja. Kisha atoke akayaguse mwenyewe yale mashuka kwa mkono wake.

Baada ya hapo fundi aitwe azishushe paneli azihamishie nyuma, watu wazione au wasizione. Na aulizwe kinagaubaga kama paneli hizo na betri hiyo vinaiweza friji kubwa ya biashara, taa, na mengineyo kwa pamoja. Akisema havitoshi, mrudishe na umeme wa nguzoni, nyumba moja itumie vyote viwili. Si dhambi, mwambie Bwana Mionzi. Aliyepunguza nusu na akala vizuri amesaidia kuliko aliyekata vyote halafu mkewe akavuta umeme wa jirani kwa siri. Taa ya getini izimwe.

Friji yako katika siku hizo za kungoja ibebwe iende kwa Mama Pacha. Ibebwe kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kinyozi akiwa anatazama. Atakayeuliza aambiwe. Na mume wa Mama Pacha awe wa kwanza kuambiwa, kabla mafundi hawajapanda nguzoni, maana yule mwanamke amekukopesha umeme na wewe unakaribia kumlipa giza.

Sasa mkutano wa Jumapili. Hapo ndipo unapotetemeka, najua. Wewe usiseme neno. Atasema yeye. Atasimama aseme, "Jamani, mimi nilikosea, nilifuata barabara sikufuata jua, na friji mliyoionja ilikuwa inakula umeme wa jirani. Paneli za kisima zisiwekwe mbele. Fundi akapime kwanza ni wapi jua linakaa muda mrefu." Watamcheka? Watamcheka. Watamtafutia jina jipya wiki hiyo hiyo. Lakini maji yatatoka, na watu wanaokunywa maji husahau upesi. Akinyamaza na mabomba yakakauka, hilo jina lake la sasa litakuwa tusi mpaka kwa wajukuu. Mficha uchi hazai, mama. Akikataa kusema, basi nimebadili mawazo, utasimama wewe, na utasema yote, hata habari za kopo. Umeniambia unampenda mumeo, hukuniambia unampenda kuliko kisima cha wajane.

Ukiniandikia tena kuniambia ulishindwa kumwanzia, nitalichapa jina lako na la mtaa wako.

Basi, nenda uani. Shuka lile limekauka tangu ulipoanza kunisoma. Lianue, ulikunje, uliweke kwenye kiti anachokalia mumeo, na usilimwagie maji tena.