Skrubu Mbili Kwenye Taya Langu

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
Jumapili, 8 Novemba

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Umeamkaje wewe, na nyumba nzima imeamkaje? Mgongo wa Shemeji umetulia, au bado anatembea kama mtu anayetafuta sarafu aliyoidondosha? Namwamkia sana Mama Mkwe wako, na wajukuu wote nawabusu mmoja mmoja, hata yule mkorofi anayejifuta akibusiwa.

Sisi huku ni wazima. Shemeji yako bado yuko kwenye kibanda chake cha kinyozi, ananyoa na kupiga soga, na soga ni nyingi kuliko nywele. Kitindamimba wetu amefunga chuo, yuko nyumbani, anakula na kulala. Akiamka anauliza kuna nini cha kula.

Najua umenilaumu kwamba mwaka huu nimekuwa mtu wa simu fupi. Ukiniuliza habari za meno, nasema naendelea vizuri, halafu haraka naanza kuulizia wajukuu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, Dada, na ningeendelea kuongea ungeijua sauti yangu. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Lile geti la shule nilikusimulia. Upepo wa mvua ulilisukuma nikiwa nimeinama kuondoa jiwe, likanipiga mdomoni. Meno mawili ya mbele ya juu yakatoka, moja zima, jingine vipande. Zahanati walinishona mdomo wakaniambia nikipona niende kwa daktari wa meno. Nikapona, na sikwenda. Nilimtafuta fundi wa meno ya bandia, kwa sababu yeye hana sindano wala mashine. Unauma tu kitu laini kama unga uliokandwa, basi, unarudi kuchukua meno yako yamebandikwa kwenye kipande cha plastiki.

Kabla hayajawa tayari nilifundisha na pengo langu. Unajua mimi ni wa darasa la kwanza, na nusu ya watoto wangu wenyewe wana mapengo. Msichana mmoja wa dawati la mbele alinitazama muda mrefu, akaufungua mdomo wake nione na la kwake, kisha akanifariji: "Usijali, Mwalimu. Yako nayo yataota." Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Meno ya plastiki nilikaa nayo miezi. Yalicheza, yalinichubua, na chakula kilijificha chini yake. Siku moja nilikuwa nafundisha sauti ya herufi "f". Tukaimba fa, fe, fi, fo, na nilipovuta pumzi kuitoa "fu" kwa nguvu, kile kipande kikachomoka, kikaruka, kikatua juu ya daftari la mtoto. Darasa zima likacheka. Mwenye daftari peke yake hakucheka. Alilia, kwa sababu alidhani mwalimu wake anaanza kumeguka.

Shemeji yako nilipomweleza nilitarajia atacheka yeye pia, maana unamjua. Hakucheka. Alisema tu kwamba wahenga walikwishasema jino la pembe si dawa ya pengo, na kwamba kesho anafunga kibanda anipeleke hospitali. Nikamkatalia asinisindikize. Nilisema mimi si mtoto. Dada, ningejua, ningekwenda naye.

Daktari mwenyewe ni binti wa umri wa mwanao wa kwanza, mpole, ana mikono midogo. Muuguzi wake ni mama mmoja mnene ambaye kila anachokifanya anasema "taratibu", hata akifunga droo, kwa hiyo moyoni nikambatiza Mama Taratibu. Alinifunga kitambaa cha plastiki shingoni, wakanipiga picha ya taya, wakaiweka kwenye kioo mbele yangu. Nikaliona fuvu langu mwenyewe likinichekea na pengo lake.

Daktari akanieleza kwamba meno yangu ya jirani ni mazima, hapendi kuyachonga ili yabebe mengine. Anachotaka ni kupanda skrubu mbili ndogo za madini ndani ya mfupa wa taya, kuacha mfupa uzishike kwa miezi kadhaa, halafu kufunga meno juu yake. Nikamuuliza skrubu inaingiaje kwenye mfupa. Hakunificha. Alisema kwanza anapasua ufizi, kisha anatoboa.

Neno "anatoboa" ndilo lililoninyanyua kitini. Nilimwambia nakwenda msalani. Nikapita msalani, nikapita mapokezi, nikatoka nje, nikavuka barabara bila kutazama magari. Nilikwenda mwendo wa mwizi hadi sokoni, watu wananitazama, mimi najiambia wanaona pengo. Kumbe wanaona kile kitambaa cha plastiki, bado kiko shingoni mwangu.

Wewe unajua kilichokuwa kinanikimbiza. Ila hujui vyote, kwa kuwa ulikuwa umeshaolewa mbali na ulifika siku ya mazishi. Niliyekuwa nyumbani na Mama ni mimi. Jino lilimsumbua wiki nyingi. Alisukutua maji ya chumvi, akasema litapoa, akaendelea kuteka maji na kupika kana kwamba hakuna kitu. Shavu likavimba, uvimbe ukateremka chini ya kidevu, ngozi ikawa ngumu na moto. Mwishoni nilikuwa nampa maji kwa kijiko, na maji yanarudi, yanatiririka kifuani. Nilikuwa namfuta. Aliponitazama nilijua anaogopa, na sijawahi kumwambia mtu kwamba Mama aliogopa. Kisha Mjomba akambeba akang'olewe. Wakamng'oa. Kesho yake akafariki.

Tangu hapo ukoo wetu una kauli moja: Mama alikwenda kung'olewa jino, akafa. Tumeishi na kauli hiyo, mimi na wewe. Ndiyo iliyonipeleka sokoni na kitambaa shingoni.

Shemeji yako aliniona naingia kibandani kwake, akaacha mteja na nusu ya kichwa. Jioni alikikunja kile kitambaa vizuri, akakiweka mezani. Asubuhi akavaa shati lake la kutokea. "Hiki ni kitambaa cha watu," aliniambia. "Twende tukakirudishe." Nilijua ananidanganya, na yeye alijua kwamba najua, lakini mtu akikupa njia ya kutembea nayo bila aibu, unatembea.

Tulipofika Mama Taratibu alikipokea kana kwamba kila siku watu huondoka nacho. Daktari akasema hatanigusa mpaka niseme mwenyewe. Nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Nataka nikueleze ilivyokuwa, usije ukadhani nilikuwa jasiri. Sindano ya ganzi iliuma, macho yakatoa machozi, kisha nusu ya uso ikaondoka. Tulikubaliana nikishindwa niinue mkono wa kushoto. Mashine ilipoanza sikusikia maumivu, ila sauti, Dada, sauti haikuingilia masikioni. Iliingilia ndani, kwenye mfupa, fuvu zima likawa linanguruma kama mashine ya kusaga. Nikainua mkono. Daktari akasimama, akangoja. Nikaushusha. Akaanza, nikainua tena. Nadhani niliinua mkono mara nyingi kuliko mtoto wa darasa langu anayetaka kutoka nje. Kila mara alisimama, na kila mara Mama Taratibu alinifuta jasho na kuniambia lile neno lake. Skrubu zilipokuwa zinakazwa nilihisi msukumo tu, kama mtu anayekaza bawaba za mlango na mlango ni mimi. Shemeji yako alikuwa nje. Baadaye mapokezi wakaniambia yeye ndiye aliyepewa maji.

Uvimbe wa siku za kwanza walikuwa wameshanitahadharisha, nikauvumilia, ukapungua. Nikaanza kujisifu. Wiki kadhaa zikapita, mara upande mmoja ukaanza kupwita. Nikajiambia litapoa. Asubuhi nikaamka shavu limejaa, lina moto, mdomo una ladha ya kutu. Nikaenda kwenye kioo cha bafuni. Dada, sikujiona mimi. Nilimwona Mama, vilevile, na macho yaleyale. Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji na nikaanza kuwaaga wanangu kimoyomoyo.

Tulifika hospitali milango haijafunguliwa. Nilikaa kwenye ngazi, Shemeji yako amenishika bega, nami nikawa najaribu kumeza mate kila mara ili nione kama bado yanapita. Daktari alipotokea na mkoba wake, hakuwahi hata kusalimia. Nilimwambia, palepale kwenye ngazi, habari yote ya Mama, hata ile ya kijiko na maji, ambayo sijawahi kumwambia hata huyu mume wangu. Yeye akaketi kwenye ngazi kando yangu, na koti lake safi, akanisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza uvimbe wa Mama ulikuwa wapi na ulikaa siku ngapi. Kisha akasema polepole:

"Mwalimu, mama yako hakuuawa na kung'olewa jino. Usaha ulikuwa umeshashuka shingoni kabla hajafikishwa kwa yeyote. Kilichomuua ni kuchelewa. Na wewe umekuja leo."

Nililia kwa sauti mbele ya walinzi na wagonjwa. Miaka yote hiyo nimemchukia mtu aliyelishika lile koleo, kumbe ndiye peke yake aliyejaribu.

Skrubu moja ilikuwa imeingiliwa na wadudu na haikushika. Ikabidi itolewe, nipewe dawa, mfupa upumzike miezi, halafu itobolewe upya. Usidhani mara ya pili nilikwenda nikiimba. Mara ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu unaijua ile sauti. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikula, na kitini mkono wangu wa kushoto ulianza kupanda kabla mashine haijawashwa. Tofauti ilikuwa moja tu: niliogopa mashine, sikuogopa kufa. Hofu hizo mbili nilikuwa nimezifunga mzigo mmoja tangu nikiwa msichana.

Safari hii zote mbili zilishika. Mwezi uliopita wamenifungia meno yenyewe. Daktari aligonga moja kwa kichuma chake, likatoa mlio wa kitu kilichosimama. Bado nauma mkate kwa adabu, kama mgeni kwenye nyumba ya watu, na bado naamka nayagusa kwa ulimi kuhakikisha yapo. Darasani yule msichana wa dawati la mbele ameshawatangazia wenzake kwamba yeye alishasema yataota. Sikumkanusha.

Sasa Dada, nisikilize, maana haya ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Mwanao amenipigia simu. Usimkaripie, alikuwa analia. Ananiambia Mama Mdogo, mama hali kitu kigumu tangu kabla ya mavuno, anatafuna upande mmoja, sasa hatafuni kabisa, anakunywa uji wa maji, na chini ya taya kuna kitu kigumu kama kokwa ambacho hataki mtu akiguse. Ananiambia umemkataza asituambie. Na kwamba alipotaja hospitali ulimjibu kwa kauli ileile ya ukoo wetu.

Nilipokata simu nilitafuta kalamu. Nimetobolewa mfupa mara tatu, Dada, na sijawahi kuogopa kama ninavyoogopa leo.

Siwezi kukwambia usiogope, ningekuwa mwongo. Nenda ukiwa unaogopa. Miguu haihitaji ujasiri ili itembee, mimi yangu ilitembea bila huo ujasiri. Kwa simu ungenikatia, kwa hiyo barua hii anakuletea jirani yetu dereva wa lori, ambaye kesho anapita kwenu, na nimemwomba aniwekee nafasi safari ya Jumatano, ruhusa nimeshapewa. Lakini nakuomba kwa kaburi la Mama, usinisubiri. Ukimaliza kusoma, mpe mwanao karatasi hii, chukua mtandio wako, mwende leo hiihii. Mimi nikukute hospitali. Nikifika mlangoni kwako nawe bado uko jikoni unakunywa uji, nitakubeba mgongoni mbele ya wakwe zako wote, na kwa umri wetu huu tutaanguka wote wawili.

Wasalimie Shemeji, Mama Mkwe, na huyo binti yako aliyekuwa na akili ya kukuasi. Shemeji yako anakusalimu, anasema kichwa cha Shemeji amtunzie, atakuja kukinyoa. Mola akulinde saa hizi ambazo mimi bado niko njiani.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye na nikuhofiaye,

Mwalimu wa Mapengo