Sufuria Isiyoacha Ukoko

Alhamisi. Chemchem, Tabora.

Mawingu yalikuja asubuhi, yakakaa juu ya mabati ya majirani, mchana yakaondoka bila kuacha tone. Vumbi ndilo limebaki. Leo sina raha, wala sitajifanya ninayo.

Asubuhi nilisoma swali la msomaji mmoja, binti aliyeolewa karibuni. Ameandika hivi: "Bibi, nifanyeje ugali wangu usishike chini ya sufuria? Mama mkwe ananisema kila siku kwamba namwaga unga." Swali lenyewe ni jepesi. Nilifundisha mapishi shuleni mpaka nilipostaafu, na humu kwenye blogu nimekwisha kueleza mambo magumu kuliko hilo: kukausha nyama bila kuingiwa na nzi, kupika mlenda ukavutika bila kunuka magadi, kutambua asali iliyochanganywa na sukari. Lakini nilipopitia nyuma niliona kwamba habari ya ukoko sijawahi kuiandika hata mara moja.

Mchana Limi akapiga simu. Limi ni mwanangu wa mwisho, anafanya kazi Mwanza. Tangu tumzike baba yake hupiga kila siku wakati wa chakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Neno likatoka lenyewe. "Ukoko."

Akacheka sana. "Mama nawe! Mwalimu mzima wa mapishi unakula ukoko?"

"Ndio mtamu," nikamwambia.

Sijala. Jiko langu halijaona moto tangu jana asubuhi, na hata jana nilichemsha chai tu, nikaiacha ikapoa. Tangu mzee aondoke naona kazi bure kusonga ugali wa mtu mmoja. Nguo zangu zinanipwaya, na ninaposimama ghafla macho yanaingia giza. Nimewaambia watu kuwa ni uzee.

Lakini neno lile nililomjibu Limi si langu. Ni la mama yangu. Nimekaa nalo mchana kutwa, na sasa naliandika.

Zamani tulikaa upande wa Igunga, karibu na Choma. Nyumba yetu ilikuwa peke yake, na jirani ulimfikia kwa kuvuka shamba na mbuga. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe kubwa, pana na bapa, na jiwe hilo ndilo lililokuwa ghala letu, kwa sababu juu yake tulikaushia michembe.

Kwa msioijua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Unachimba viazi, unaviacha vinyauke, unamenya, unakata vipande vyembamba na kuvitandaza juani. Jiwe ni bora kuliko mkeka, kwa kuwa lina joto la chini. Jua linakausha juu, jiwe linakausha chini, na usiku jiwe linabaki na joto lake wakati mkeka unalowa umande. Ukitaka kujua kama vimekauka, usitazame rangi. Chukua kipande ukikunje. Kikipinda, bado. Kikivunjika kwa mlio, weka ghalani, na mwaka mzima una chakula. Bibi yetu, mama mzaa baba, alituambia kuwa baba yake alikuwa mpagazi, na kwamba wapagazi waliokwenda pwani na kurudi walibeba michembe kuliko kitu kingine.

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, lori lilikuja wakati michembe yetu ingali inapinda.

Sitaki kuandika siasa. Wapo waliopata shule na zahanati kwa sababu ya vijiji vile, na mimi mwenyewe ni mmoja wa waliosoma kwa ajili hiyo. Ninaandika habari za chakula tu. Tuliambiwa tupakie, tukapakia. Mama aliikusanya michembe kutoka jiweni, akaitia kwenye magunia hali akijua itaoza, kwa sababu kuiacha kulikuwa kubaya zaidi. Kiazi kisichokauka ukikifungia guniani kinajipika kwa jasho lake. Tulipofika hapakuwa na jiwe, palikuwa na uwanja wa vumbi na vijiti vya kupimia nyumba. Tulipofungua magunia, mama aliingiza mkono akautoa ukiwa na ukungu wa kijani mpaka kwenye kiganja.

Aliosha ile iliyookoleka, akaianika tena juu ya dari ya fito, moshi wa jikoni ukiipitia. Sehemu kubwa tulimwaga. Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa za kubahatisha, shamba lilikuwa jipya, na ng'ombe wetu wawili waliobaki hawakuwa na maziwa. Tukabaki na unga kidogo wa mtama, na muhogo wa kununua.

Ndipo mama akaanza kupika ugali usioacha ukoko.

Nieleze hapa, maana binti ameuliza, naye hana kosa. Mtama peke yake unamomonyoka, muhogo peke yake unanata. Uchanganye, mtama ukizidi kidogo. Anza kwa uji mwepesi, uache uchemke mpaka harufu ya unga mbichi iishe, kwa sababu uji usioiva ndio unaoshika chini kwanza. Kisha vuta kuni nje, ubaki na makaa. Tia unga kidogo kidogo, na mwiko upite chini kabisa kila mara, usiishie katikati. Ukishakaza, nyunyiza maji machache pembeni, kati ya ugali na sufuria, funika. Sasa epua, na uiweke sufuria juu ya mchanga uliolowa. Mvuke unarudi chini na kulegeza kila kilichoshika. Funua, pitisha mwiko mara moja, geuza. Kile ambacho kingekuwa ukoko kinatoka kikiwa bado laini, unakisonga humo humo ndani ya ugali. Sufuria inabaki tupu, utadhani imeoshwa.

Hayo ndiyo mafundisho. Mama aliyajua, lakini kule kwetu hakuwahi kuyatumia, kwa sababu ukoko ulikuwa na mwenyewe. Kwetu mpishi hakujipakulia. Baba alikula nje na mgeni yeyote aliyepita. Bibi na sisi wadogo tulikula ndani. Mama alikula jikoni peke yake, baada ya wote, kilichobaki pamoja na ukoko. Hakuna aliyemwona akila. Wala hatukujua kwamba hilo ni jambo la kutazamwa.

Katika kijiji kipya nyumba zilipangwa mstari, na wanawake waliosha vyombo pamoja kisimani. Kwa mara ya kwanza watu wakaona sufuria za wenzao. Mimi, mtoto wa kwanza, ndiye niliyebeba zetu. Jirani yetu Mama Shija, mwanamke mnene wa maneno, akaitazama sufuria yetu na kuishika.

"Mama Kabula," akamwita mama kwa jina langu, "tufundishe hiyo dawa. Yangu ukoko wake naweza kuezekea nyumba."

"Ni kuvuta kuni mapema tu," mama akajibu.

"Kuni! Au unatupikia maji humo, unaturingia sufuria safi?"

Wanawake wakacheka. Mama alicheka kuliko wote, mpaka akashika ukingo wa kisima. Mimi nilijivuna. Pia nilifurahi kwa sababu yangu mwenyewe, kwamba nilikuwa nimepumzika kusugua.

Jioni zote tulizomwuliza, "Mama, huli?" jibu lilikuwa moja. "Nimeshakula ukoko."

Bibi ndiye aliyezijumlisha habari hizi mbili. Hakuwa mtu wa kwenda kisimani, lakini Mama Shija alipita nyumbani kusalimia, akamsifia mkwewe. "Shikamoo, bibi. Una mkwe fundi, sufuria yake haina hata chembe." Bibi aliitikia marahaba, akageuka kutazama upande wa jikoni.

Jioni ile tulipokwisha kuletewa chakula, bibi hakunawa. "Leo nileteeni ukoko," akasema.

Tukaangua kicheko, maana bibi hakuwa na meno ya kuvunja hata karanga. Baba naye alisikia kutoka nje. "Mama, ukoko utautafuna na nini?"

"Nitaufyonza. Meno ni yangu, shida ni yangu. Mama Kabula! Lete ukoko."

Mama akajibu kutoka jikoni kwa sauti ya adabu. "Nimeshaula, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Basi lete sufuria nilambe."

Mama akaja nayo, akapiga magoti, akaiweka mbele ya bibi. Bibi akaingiza mkono, akazungusha vidole pembeni na chini, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Akavitoa. Akatoka navyo mpaka mlangoni, akamwonyesha baba. Vilikuwa vikavu na visafi.

"Mwanangu," akamwambia, "mkeo anakula nini?"

Baba alikuwa mtu wa zamani, sikuwahi kumwona akiingia jikoni. Aliinuka na sahani yake mkononi, akainama kwenye mlango ule mfupi, akaiweka mbele ya mama na kukaa juu ya gogo la kuni.

"Kula."

"Wewe je?"

"Kula, nakutazama."

Mama alikula. Alikula kwa aibu, mgongo ametugeuzia, na baba hakuondoka pale gogoni mpaka sahani ilipokwisha. Tangu siku hiyo bibi aliweka sheria: tonge la kwanza ni la mpishi, tena mbele ya watu. Mama aliifuata. Ukoko ukarudi kwenye sufuria yetu, nami nikarudi kusugua. Mama Shija alipouona akasema, "Haya, mama fundi, dawa imekwisha nguvu?" Mama hakuwa tena na pumzi ya kucheka naye.

Ningependa kuandika kwamba ilitosha.

Homa ilipita kijijini mvua zilipoanza. Iliingia nyumbani kwetu ikatulaza wote, mmoja baada ya mwingine, hata bibi na uzee wake. Sisi wote tulipona. Mama hakupona. Mganga wa zahanati alisema mwili wake haukuwa na akiba. Nilikuwa nimeanza shule, lakini neno hilo nililielewa kwa njia ya nyumbani, kwa sababu nilijua akiba ni nini na ilikuwa imewekwa wapi. Ilikuwa juu ya jiwe kule nyuma ya nyumba, halafu ikawa ndani yetu.

Baba hakuoa tena kwa muda mrefu. Kila jioni aliingia jikoni, akakaa juu ya gogo lile, akanitazama nikila kwanza. Nilikuwa nikipika vibaya, ugali una madonge, na ukoko mnene.

Nilipokuwa mwalimu, niliwafundisha wasichana kila kitu kuhusu moto, maji na unga. Niliwaambia kuonja si kula. Niliwaambia mpishi ana sahani yake, ipakuliwe kabla ya nyingine, iwekwe mezani. Wengine walicheka, wakasema mwalimu ana ulafi. Niliwaacha wacheke. Lakini namna ya kuitoa sufuria safi sikuwafundisha. Niliona afadhali waungue vidole kwa kusugua.

Na leo mchana, mimi mwenyewe, nimeketi kitandani na simu mkononi, nikamwambia mwanangu nimekula ukoko. Akacheka, kama sisi tulivyocheka. Angejuaje? Yuko Mwanza, hawezi kuingiza vidole kwenye sufuria yangu.

Mama alikuwa na sababu. Chakula kilikuwa hakitoshi, naye alichagua nani ale. Mimi nina unga ndani, nina karanga, nina michembe ambayo mama mmoja wa sokoni aliniletea wiki iliyopita, mizuri, inavunjika kwa mlio. Nani nimemwachia chakula changu? Mzee amekwisha kuondoka. Hakuna anayeshiba kwa njaa yangu.

Binti yangu uliyeuliza, jibu lako liko hapo juu, nimelieleza vizuri kadiri nilivyoweza. Mama mkwe akikusema, mwonyeshe sufuria. Ila kwanza chukua tonge lako, na ulile mbele yake.

Nimeacha kuandika kidogo, nimewasha jiko. Maji yameanza kulia. Nitasonga ugali mdogo, nitauacha ushike chini kama unavyotaka. Kisha nitampigia Limi, nimwambie kuwa mchana nilimdanganya, na nimwombe asikate simu mpaka nimalize sahani. Atalia, namjua. Heri alie akiwa ananisikia nikitafuna.

Njaa sina. Nitakula hivyo hivyo.