Msingi Ulioliwa na Kazi Zilizopata Wenyewe

KIKUNDI CHA TUSHIKANE, IPULI, TABORA
Kikao cha mradi wa banda la kulelea watoto

Tarehe: Jumamosi, 14 Septemba 2024
Mahali: Uani kwa Bi Mwamvita

Waliohudhuria: Bi Mwamvita Mfaume (Mwenyekiti), Suzana Ngollo (Katibu), Zuena Uwesu, Adelina Marko, wanachama wengine, na watoto wetu.
Asiyekuwepo: Leonia Deus, anamuuguza mama mkwe Nzega. Tulimwombea.

KUMB. NA. 1/9/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua saa 9:00 alasiri. Alimshukuru Mungu kwamba mtoto wa Zuena, aliyeungua mguu kwa mafuta ya maandazi pale sokoni, sasa anatembea. Vigelegele vilipigwa. Katibu aliomba ikumbukwe kwamba mvua haiko mbali, na watoto bado wanashinda pembeni ya majiko yetu ya biashara sokoni.

KUMB. NA. 2/9/2024: MSARAGAMBO ULIOPITA
Ilielezwa kwamba siku ya kuchimba msingi kwa pamoja kila mama alikuja na sufuria, akijua majembe wataleta wenzake. Wali ulitosha, kisamvu kikabaki, udongo haukuguswa. Zuena alisema, "Msingi tumeula." Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka, kwa kuwa ndiye aliyetangaza kila mtu aje na alichojaliwa.

KUMB. NA. 3/9/2024: MAFUNZO YA ADELINA
Adelina, tuliyemtuma Nzega kwenye mafunzo ya kusimamia miradi, alieleza kwamba kazi ikiwa ya wote inakosa wa kuulizwa. Mradi ukatwe vipande, kila kipande kipate mtu mmoja na siku yake, na awepo mwingine wa kumuuliza kimefikia wapi. Kila hatua ikiisha tukae tuseme palipoharibika, bila kusutana. Katibu alimshukuru sana. Alisema alidhani hayo ni mambo ya watu wa ofisini, kumbe ndivyo tunavyopika pilau ya harusi: wa kuni anajulikana, wa nyama anajulikana.

KUMB. NA. 4/9/2024: KUGAWANA KAZI
Zuena alipendekezwa kusimamia msingi. Mwenyekiti aliuliza kwa nini awe Zuena, wakati kiwanja cha banda ni chake yeye Mwenyekiti, aliachiwa na marehemu mumewe. Alisema, "Basi niambieni tu nikae kando, na kiwanja changu nacho kikae kando." Katibu aliingiwa na hofu, maana bila kiwanja hicho hakuna banda.

Zuena alisimama, akasema, "Shikamoo mama. Mwanangu alipoungua ulimbeba wewe mpaka hospitali. Nikuweke kando nikupeleke wapi? Ninachotaka, msingi usipochimbwa unigombeze mimi peke yangu, wenzangu uwaache."

Mwenyekiti aliitikia marahaba. Alisema kama ni kugombeza, hilo analiweza. Kikao kilicheka mpaka watoto wakaamka.

Ilikubaliwa: Zuena asimamie msingi, uishe Jumamosi ijayo. Katibu asimamie maji ya ujenzi. Adelina asimamie matofali na bati, ila bati asiliguse kabla kuta hazijasimama. Wa kuwauliza wote ni Mwenyekiti.

KUMB. NA. 5/9/2024: KUFUNGA
Katibu alipokuwa akiwashukuru wanachama kwa moyo wao, Mwenyekiti alimkatiza: "Suzana, mbona mimi sina wa kuniuliza? Niandike mlango. Na wa kuniuliza awe huyo huyo Zuena."

Imeandikwa kama alivyotaka. Watu waliondoka saa 11:10 jioni, wameshikana mikono.

Bi Mwamvita Mfaume ....................
Mwenyekiti, na msimamizi wa mlango

Suzana Ngollo ....................
Katibu, na msimamizi wa maji